Mkanda wa Nje

Bi Mesodi aliniletea vipimo kwenye karatasi ya sukari:
urefu, mzunguko, na chini yake, kwa wino wa bluu,
mabega mawili.
Nikacheka. Kitabu gani hicho chenye mabega?
Akasema, njoo upime mwenyewe.

Nimeshona hapa Ngarenaro miaka kumi na tisa:
sare za shule, majoho ya kwaya, sanda mara mbili.
Sijawahi kunawa mikono ili nimpime mteja.
Siku ile nilinawa.

Chumba kiko nyuma ya duka lao la vipuri;
harufu ya girisi inakufuata mpaka kwenye pazia, inabaki hapo.
Makhlufu akafungua kabati, akalitoa gombo,
akaliegemeza bega la kuume kama mtoto mwenye homa,
na waliokaa wote wakasimama,
hata bibi wa magongo,
hata mimi niliyekuwa nimesimama tayari
nikajinyoosha.

Ngozi haiguswi, akaniambia.
Msomaji hufuata mstari kwa kidole cha fedha,
kidole kidogo, chembamba,
maana mkono wa mtu una jasho na una shughuli zake.
Likianguka, tuliopo tutafunga.
Likichakaa hatulichomi. Tunalizika.

Nikapitisha futi yangu hewani, upana wa unywele mbali nalo.
Macho sikukatazwa. Nikaiona mishono:
ngozi kwa ngozi, imeungwa kwa mshipa wa mnyama,
kazi ya mtu asiyelipwa kwa kipande.

Mahameli nilinunua Soko Kuu, rangi ya kahawa mbivu.
Na mkanda, upana wa vidole vitatu.
Huo unafungwa ndani, Bi Mesodi alisema, chini ya joho,
hakuna atakayeuona.
Nikautia nakshi hata hivyo, usiku, umeme ukikatika ukirudi:
maua ya mibuni ya mama yangu, Machame,
meupe, yale ya wiki moja tu.

Ijumaa ya masika nikapeleka mzigo, nimeuviringisha kwa nailoni.
Meru haukuonekana. Themi ulikuwa unanguruma.
Nikawakuta kimya, Makhlufu ameinama na tochi ya simu.
Unyevu ulikuwa umeingia kabatini.
Herufi moja imebanduka,
yodi, ndogo kama punje ya ulezi,
kati ya laki tatu na ushee.
Basi lote halisomwi,
mpaka aje mwandishi, na unyoya wake, na wino wake,
kutoka huko ng'ambo, nauli ikipatikana.

Herufi moja? nikauliza.
Kisha nikanyamaza mwenyewe,
maana nina mtoto, Elirehema,
aliyeandikwa Elirehma kwenye cheti,
na kwa e moja tukazunguka miezi minane,
dirisha hili, dirisha lile, kiapo, muhuri, rudi Jumatatu,
kana kwamba kijana yule, na urefu wake, na ugali anaokula,
hakuzaliwa.
Herufi ile niliichukia.
Hii wanailia.
Na hapa hakuna aliyefunga dirisha. Walisimama tu,
wamelizunguka, kama tunavyozunguka kitanda Mount Meru.

Wakalivisha joho langu. Mabega yalikaa sawa.
Bi Mesodi akauchukua mkanda,
nikadhani amekosea: akaufunga juu, nje, mbele za watu.
Ndiyo alama, akasema. Asije mtu akalitoa kwa kusahau.
Maua yangu yale yasiyokuwa ya kuonwa
yakaonwa na kila mtu,
na bibi wa magongo akayasifu, na mimi nikaona aibu
kama niliyesifiwa gauni msibani.
Wakabusu mahameli. Kabati likafungwa.
Wakasoma kwenye kitabu cha kawaida, cha mashine.

Sasa nikipita dukani huuliza kwanza habari za herufi,
ndipo za watoto.
Nusu ya malipo imebaki; sijaidai.
Mimi Mlutheri, binti wa mwimba alto,
na Jumapili, katikati ya maombi ya mvua na ya wagonjwa,
naiweka moja yangu, kimyakimya:
mkanda wangu urudi ndani,
usionekane na mtu.